WATOTO SI MAFURIKO



Wako mabwana wasemao kwamba shule zetu zimejaa kwa sababu watoto wamekuwa wengi mno. Husema hivyo kama watu walioamka usiku wakakuta mto umefika mlangoni. Sisi twasema, hapana! Mafuriko hayapigi hodi. Mtoto hukaa nyumbani miaka sita, husoma shule ya msingi miaka saba, ndipo afike sekondari. Miaka 13 yote anahesabika! Mwenye nyumba gani hushtushwa na mgeni aliyetoa taarifa mapema namna hiyo?

Wazee wetu wanaikumbuka shule ya kati ya mkoloni. Mtoto alimaliza darasa la nne, akapewa mtihani, na wengi wakarudishwa shambani. Wachache tu waliendelea hadi darasa la nane. Mwingereza hakuona haya, maana hakukusudia kutusomesha sote. Alitaka makarani wa kumtosha. Watoto walitengwa hata kwa rangi, mpaka shule zilipounganishwa Januari 1962.

Taifa huru likaapa kulivunja chujio hilo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Ada hiyo ilirudi baadaye, ikafutwa tena. Na Januari 2016 wazazi wakaondolewa ada mpaka kidato cha nne. Hayo ni mema, nasi twayasifu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtoto aliyeitwa shuleni kisha akaketi sakafuni, amechujwa upya kwa njia ya adabu zaidi.

Tazameni hesabu. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 44,928,923. Sensa ya 2022 ikatuhesabu 61,741,120. Watu karibu milioni 17 wameongezeka kwa miaka kumi tu! Nani basi atasema hakujua?

Tena liko jambo kubwa mbele yetu. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya watamaliza shule ya msingi katika darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka ule watamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili, mlango mmoja! Shule iliyozoea kupokea watoto 120 wa kidato cha kwanza itapokea kama 240 Januari 2028. Wapatao 40 kwa chumba, vyatakiwa vyumba sita mahali pa vitatu. Na walimu, na vyoo, na mabweni kwa wasichana watokao mbali. Chumba bila mwalimu ni ghala.

Basi kila tawi lifanye kazi. Viongozi waende shule za msingi za kata yao, waombe hesabu ya makundi hayo mawili, waitazame pamoja na vyumba vya sekondari iliyo karibu. Tofauti itakayoonekana isomwe kwa sauti katika mkutano wa kijiji, mbele ya diwani, na ajibu hapohapo. Asikubaliwe atakayesema wazazi wamezaa kupita kiasi. Watoto hao wamekwisha kuzaliwa, wana majina, na ni wetu.

Mkoloni alichuja kwa makusudi. Sisi tusichuje kwa uvivu.

UHURU NA ELIMU!