Chungu cha Askari na Mgawo wa Nakivale

Mwili wa mwanadamu hutumia chakula hata ukiwa umelala. Kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1985, kijana wa kiume wa miaka 18 hadi 30 huzidisha kilo zake kwa 15.3, kisha hujumlisha 679. Askari wa kilo 60 katika kambi ya Makenke, Mbarara, hupata kalori 1,597, za pumzi na mapigo ya moyo tu. Kwa kazi nzito huzidishwa kwa 2.10, zikawa 3,354. Kwa kazi ya mezani, kwa 1.55, zikawa 2,475. Akihamishiwa ofisini, naye mkewe akaendelea kumpakulia posho ile ile, ziada ni kalori 879 kwa siku, karibu robo kilo ya unga wa mahindi. Mkanda ndio hutoa ushahidi kwanza.

Mwanamke wa umri huo huzidisha kwa 14.7 na kuongeza 496. Mama wa kilo 55 huhitaji kalori 1,305 akiwa amelala. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, mgawo kamili hukadiriwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Februari 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 60, yaani 1,260. Hizo hazimtoshi mama huyo hata kulala, sembuse kushika jembe. Katika nyumba kama hiyo, kijiko cha mafuta cha gramu 10 ndani ya maharagwe ya mtoto huongeza kalori 90. Kijiko hicho hicho ndicho mke wa askari wa ofisini aanze kukipunguza.