Mwewe wa Shimo la Mungu hapigi mabawa
Ndugu mwandishi, uliposema hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na ya chini kwa wakati mmoja, hapo sikubaliani nawe. Hazikutani, ya juu hutangulia. Bawa, liwe la mwewe au la ndege ya abiria, hubebwa kwa kuisukuma hewa iende chini. Na mdau hapo juu unayedai bila kupiga mabawa ndege ataanguka, njoo Newala usimame Shimo la Mungu mchana. Upepo wa bonde la Ruvuma ukigonga ukingo huo wa uwanda wa Makonde hupanda juu, na mwewe huuegemea tu, mabawa yametulia! Masasi nako majabali yakishika jua, hewa ya moto hupanda na tumbusi huzunguka nayo. Walimu wa fizikia, wapelekeni wanafunzi wakaone.