Simu ndiyo iliua wanajeshi wa Makiivka? Zii, wasee, angalieni vizuri

Septemba 21, 2022, Putin alitangaza kuita raia jeshini, na waziri wake wa ulinzi akasema wanataka watu 300,000. Wengi walikuwa majamaa wa kazi za kawaida tu.

Miezi mitatu baadaye, mamia yao, wengi kutoka Samara, walikuwa wamelazwa kwenye shule moja ya ufundi mjini Makiivka, sehemu ya Ukraine iliyoshikwa na Urusi. Mwaka wa 2023 ukiwa na dakika moja tu, makombora ya HIMARS yakawaangukia. Urusi ilikubali vifo 89. Ukraine ilisema ni karibu 400.

Wizara ya ulinzi ya Urusi ikalaumu simu: eti maboyz waliziwasha, adui akajua walipo. Sawa, simu inaweza kukuchoma. Lakini jiulize, nani aliwajaza wote jengo moja? Hata Warusi wanaounga mkono vita walisema risasi na mabomu viliwekwa hapo hapo.

Manze, kijana aliyeitwa kwa lazima hachagui vita, hachagui kamanda, hata pa kulala hachagui. Chake kilikuwa simu tu, ya kuambia mamake heri ya mwaka mpya. Na hiyo ndiyo wadosi walibebesha lawama.