Wanaosubiri Kujifungua Nao Wapewe Kikundi

Pitia ubao wa matangazo nje ya ofisi ya serikali ya wanafunzi. Kuna kikundi cha wajasiriamali, cha mazingira, cha mijadala, kwaya zaidi ya moja, umoja wa wanaotoka mkoa huu na mkoa ule, mpaka kikundi cha wapanda milima. Hakuna tangazo hata moja linalomhusu mwanafunzi aliyebakiza wiki sita ajifungue, wala mwenzake anayetarajia kuitwa baba huku bumu halijaingia. Na tusidanganyane, watu hao wapo. Tunakaa nao darasani. Wanavaa sweta pana mchana wa jua kali, halafu semista inayofuata huwaoni.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nina miaka 22, nasoma Elimu mwaka wa tatu, na nina binti wa miezi saba. Nani kanioa na lini si mada ya makala hii; waliouliza wameshajibiwa. Ninachosema ni kwamba wiki za mwisho za ujauzito na wiki za mwanzo za mtoto si za kupitia peke yako, kwamba hospitali hata ikiwa nzuri namna gani haiwezi kuzijaza zote, na kwamba serikali ya wanafunzi inaweza kufanya kitu mwaka huu huu kwa fedha pungufu ya zile za jezi za bonanza.

Kwanza tuangalie namba, maana wengine bila namba hawasikii. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni mteremko mkubwa mno. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya nao walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sasa angalia watoto wachanga, yaani wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja: walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, wakawa 24. Miaka yote hiyo, tofauti ni mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo tatu ya vifo vya wachanga hutokea ndani ya wiki ya kwanza, na sehemu kubwa ya wiki hiyo mama na mtoto wanakuwa wamesharudi nyumbani, au wamerudi geto.

Siandiki haya kuzilaumu hospitali. Natoka Manyara, na kwetu tuna haki ya kujivuna kidogo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imeshiriki kwa miaka mingi katika utafiti wa jinsi ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa, kwenye ile dakika ya kwanza ambayo wauguzi wanaiita dakika ya dhahabu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango wa mafunzo ya wakunga katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo ndani ya wodi kazi inafanyika. Mimi naongelea siku ya pili, ya nne, ya tisa.

Nilijifungulia nyumbani kwetu, maana yangu Nangwa, wilaya ya Hanang, na si sebuleni. Nilikuwa nimeomba shule ya karibu na kwetu kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, nikasimama ubaoni hadi mwezi wa nane na tumbo linagusa meza. Pale kilimani tulikuwa watatu wenye matumbo: mimi, jirani yangu mke wa dereva wa bodaboda, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na miaka 19, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akisubiri mtoto wa tatu. Hakuna aliyetuita kikao. Tulianza kwa kusindikizana kliniki, kwa sababu njia ni ndefu na mbwa ni wengi. Kisha tukaanza kuchanga elfu mbilimbili kila wiki za nauli ya dharura, mwalimu akazishika. Tukakubaliana nani atabaki na watoto wa mwalimu siku yake ikifika, nani atamchotea nani maji, na namba ya dereva yupi ipigwe usiku. Waliokuwepo Hanang tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlimani na kufunika barabara pale Katesh, hawahitaji kuelezwa kwa nini mjamzito anapanga usafiri mapema.

Mwalimu alijifungua wa kwanza, mimi nikafuata, jirani akawa wa mwisho. Mtoto wake wa kiume alikuwa na siku nne mwalimu alipompelekea uji wa mtama na maziwa. Jirani akamsifia mwanawe: mtulivu jamani, tangu alfajiri amelala tu, hasumbui. Mwalimu akaweka bakuli chini.

"Mdogo wangu, mara ya mwisho amenyonya saa ngapi?"

"Jana usiku, dada. Nikimpa titi hataki, ameshiba."

Mwalimu akamgusa miguu, akaikuta ya baridi. Akamvua nguo, akamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, akawafunika na blanketi, akanituma kumwita dereva. Kituo cha afya waliona ni maambukizi, wakamwanzia dawa na kupiga 115 ili apate gari la kwenda hospitali. Akalazwa siku nyingi. Leo mtoto yule anakaa mwenyewe na anakula ugali kwa fujo.

Tangu siku ile nimejiuliza mwalimu alijuaje. Si kwamba amesomea uuguzi. Ni kwamba asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameamka mara nne kumnyonyesha wa kwake mwenye wiki mbili na ushee. Alikuwa na mtoto wa kumlinganisha. Dalili za hatari za mtoto mchanga nyingi hazipigi kelele: kuacha kunyonya, kulegea, mwili kupoa au kuchemka, kupumua haraka, macho kuwa ya njano. Mama wa mara ya kwanza aliyeko peke yake anaziona kama utulivu. Anamshukuru Mungu amempa mtoto mpole. Anayeweza kumshtua ni mtu mwenye mtoto wa rika hilo hilo ndani ya hatua mia moja.

Sasa njoo chuoni. Mwaka jana msichana wa kozi nyingine, ambaye simtaji na hakuna haja ya kumtafuta, alijifungua katikati ya semista na kurudi kwenye chumba alichopanga mtaani, kwa sababu hosteli mtoto haruhusiwi. Siku ya tano kichwa kilimuuma vibaya na akaanza kuona marue rue. Rafiki yake akamletea Panadol na kumwambia alale, ni uchovu wa kukesha. Ilikuwa presha, ile ile ambayo watu hudhani inaisha mtoto akishatoka. Aliokolewa na mama mwenye nyumba, aliyepita kudai umeme. Yaani uhai wa mwanafunzi mwenzetu ulitegemea bili ya umeme! Rafiki yake hakuwa mbaya. Hakujua tu, na hakukuwa na wa kumuuliza zaidi ya sisi tunaojua kuulizana maswali ya mtihani uliopita.

Wale wa takwimu nawarudia. Huko Makwanpur, Nepal, watafiti waliunda vikundi vya wanawake vilivyokutana kila mwezi vijijini, vikiongozwa na mwanamke wa pale pale, wala si daktari. Walizungumza matatizo ya uzazi na ya wachanga, wakachagua wenyewe la kufanya: mfuko wa dharura, machela, vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yalichapishwa 2004: vifo vya wachanga kwenye maeneo yenye vikundi vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 hivi. Majaribio mengine yakafuata, likiwemo la Malawi, jirani yetu, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi vikundi vya aina hiyo kwa maeneo ya vijijini yenye huduma chache. Sisi wa Elimu tunakaririshwa Vygotsky kila semista, kwamba mtu hujifunza kwa mwenzake aliyemtangulia hatua moja. Basi hapo ndipo alipo, tena bila projekta.

Najua kuna watakaosema kikundi kama hiki kitahamasisha mimba chuoni. Hili nimelisikia kwa sauti mbili tatu, na moja ilikuwa ya kiongozi. Jamani, hakuna msichana atakayebeba mimba ili aingie kwenye kikundi cha kuchanga nauli. Serikali yenyewe Novemba 2021 iliruhusu mabinti waliojifungua kurudi shule za msingi na sekondari kwenye mfumo rasmi. Kama binti wa kidato cha pili anapokelewa, mtu mzima wa miaka 22 mwenye kitambulisho cha kupigia kura tunamwonea aibu ya nini?

Hoja nzito ni nyingine, nayo naikubali kiasi: watu wakikaa pamoja wanapeana na ujinga pia. Ni kweli. Pale pale kwetu nilishauriwa nikamue maziwa ya kwanza ya njano niyamwage eti ni machafu, kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Mwingine akaja na mavumbi ya kupaka kitovuni. Na kwenye makundi ya WhatsApp ndiyo usiseme, kuna mtu anauza dawa ya uchungu. Ndiyo maana kikundi ninachokitaka kiwe na muuguzi mmoja wa zahanati ya chuo anayekaa nacho mara moja kwa mwezi, asikilize zaidi ya kuhutubia. Zahanati ipo, muuguzi yupo, na Jumatano mchana foleni si kubwa.

Na baba je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mume wa mwalimu alizimaliza akiwa bado anatafuta mkaa. Mwanafunzi hana hata hizo tatu. Mwenzangu alikuwa na jaribio la kozi siku ya pili baada ya binti yetu kuzaliwa, akasafiri usiku kuja kutuona, kesho yake jioni akapanda gari kurudi. Alichokosa zaidi ni mtu wa kumuuliza. Wenzake walimpongeza kwa soda na utani, basi. Mwaka 2012 ilipozinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, ujumbe wa bure wa simu uliruhusu na wanaume kujiandikisha, wapate maelekezo yanayoendana na umri wa mimba ya mwenza wao. Yule aliyebuni hilo alielewa kitu: baba kijana anaogopa kama mama, ila hana kliniki ya kuogopea.

Kwa hiyo ninachoomba hakihitaji jengo. Chumba kimoja saa mbili kwa wiki, chenye mkeka na kitasa kinachofunga, ambapo wanaosubiri na waliojifungua watakutana na watoto wao. Orodha ya madereva wa bajaji wanaokubali kuitwa usiku, na namba 115 ibandikwe kila mlango wa hosteli, za wanaume zikiwemo. Mtu wa kumwandikia mwenzake notisi kwa wiki sita bila kumdai nyama choma. Mfuko mdogo, maana ukiahirisha mwaka na bumu linasimama, wakati mtoto anakula mwaka huu. Na kila aliyejifungua apate watu wawili wa kumtembelea siku ya tatu na ya saba, mmoja wao awe na mtoto. Hilo la mwisho ndilo ningepigania kama yote mengine yakikataliwa.

Suala la hosteli kumruhusu mtoto nimeliacha nje kwa makusudi. Linahitaji kanuni za chuo na litachukua miaka, na kuna mtu namfahamu ana wiki nne tu.

Hoja hii inahitaji sahihi za wanafunzi ili iingie kwenye bunge letu kabla ya mitihani. Karatasi iko kwa kiongozi wa darasa wa mwaka wa tatu Elimu, hata wakati wa chakula unampata pale kantini. Mpaka naandika hapa waliosaini ni wasichana watupu. Kaka zangu, kalamu ipo.