Ng'wandu si kosa la XML

Leo naomba nitoe dukuduku. Kuna wimbo unaimbwa sana darasani kwetu siku hizi: XML imekufa, JSON ndiyo mpango mzima. Imekufa wapi? Faili lako la Word lenye .docx ni zipu iliyojaa XML, tangu Office 2007. Fomu za ODK wanazotembea nazo watafiti vijijini kwenye simu, ndani ni XML. Ile kontroli namba ya kulipia ada inatoka kwenye GePG ya serikali, na mifumo inapeleka bili kule kwa XML iliyotiwa saini ya kidijitali. Risiti za VFD kwenda TRA nazo vilevile. Anayeota kazi ya kuunganisha mifumo hapa Bongo asiidharau.

Ila hilo silo lililonileta. Lililonileta ni ritifaa, kale kaalama kadogo ka juu.

Kwetu Simiyu majina yenye ng' yamejaa kama pamba msimu wa mauzo. Kuna kata ya Ng'hoboko kule Meatu, kuna Ng'wigwa kule Maswa, na watu ndio usiseme. Hata Dk. Pius Ng'wandu, waziri wa sayansi, teknolojia na elimu ya juu enzi za Mkapa, alikuwa na ritifaa yake. Sasa angalia majina hayo yakishapita kwenye mifumo: NGWANDU, NG WANDU, Ng\'wandu, mara Ng tupu. Cheti cha shule kinasema hivi, cha kuzaliwa kinasema vile, mtoto wa mkulima anatumwa kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye. Kiapo kinalipiwa jamani! Na nauli ya kwenda na kurudi mjini Bariadi haijahesabiwa hapo.

Ukimuuliza mtengeneza programu atakwambia "XML haipendi hiyo alama." Uongo mtupu. Andika <jina>Ng'wandu</jina>, ni halali kabisa, tangu toleo la kwanza la mwaka 1998. Balaa linaanza ukiweka jina kwenye atributi na kulizungushia ritifaa moja moja: jina='Ng'wandu'. Hapo kompyuta inaona jina limeishia kwenye Ng, kinachofuata ni takataka, faili zima linakataliwa. Dawa ni kutumia alama mbili mbili, au kuandika &apos; mahali pa ritifaa. Na ukiiachia maktaba ya XML ikuandikie badala ya kuunganisha maneno kwa mkono kama unashona gunia, wala huhitaji kukumbuka.

Kwenye databesi ni yale yale, ila hatari zaidi. VALUES ('Ng'wandu') inakatika katikati, na tundu hilo hilo analoanguka Ng'wandu wa watu ndilo anapopitia mwizi kuingiza amri zake za SQL. Kwa hiyo mfumo ukitapika kwa jina la Kisukuma, usimlaumu Msukuma. Mshukuru, kakuonyesha mlango ulio wazi.

Halafu kuna skima. Mtu anaandika kwenye XSD kwamba jina ni [A-Za-z ]+ basi, anaenda kunywa chai. Hiyo ni sheria ndogo, tena imetungwa na mtu mmoja kwenye kiti chake: kuanzia leo nusu ya ukoo wetu hairuhusiwi. Orodha za mikoa ndiyo hivyo hivyo. Simiyu ilimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, lakini orodha isipoguswa, mtu wa Bariadi ataambiwa achague Shinyanga mpaka azeeke.

Na hapa ndipo ninapoipendea XML kuliko washkaji wa JSON (najua nao wana skima, niambieni wangapi mnaiandika). XSD ipo mezani, pande zote mbili zinaisoma kabla ya kubadilishana chochote, na kosa lina mstari wake wa kuonyesha kidole. Kuongeza ritifaa ni herufi moja: [A-Za-z' ]+. Kitakachobaki ni simu zinazogeuza ' kuwa ’ zenyewe, ukapata watu wawili kwa mtu mmoja. Chagueni moja, nyingine igeuzwe ikiwa mlangoni. Mimi nachagua ile iliyonyooka, ya kwenye kibodi. Wataalamu wa Unicode wana lao, waacheni.

Wale wa projekti ya mwaka wa mwisho: jina la kwanza la kujaribia liwe Ng'wandu, siyo John. Likitoka kwenye fomu, likaingia databesi, likapita XML na kutua kwenye cheti cha PDF bado lina ritifaa yake, niite nije kuona. Chai na chapati juu yangu.