Agiza Mara Moja

Huenda mnaye kijana nyumbani afanyaye kazi ya ukarani kwa kompyuta, au ajifunzaye kazi hiyo. Mpeni ukurasa huu ausome.

Karani mmoja wa chama cha ushirika alikuwa na orodha ya wakulima wa kahawa. Kila mkulima alikuwa na mstari wake: jina, kijiji, namba, kilo. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, yenye Linux, ule mfumo alioanza kuutunga Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Akaifungua orodha kwa nano, programu ndogo ya kuandikia. Alipoongeza neno katika mstari mrefu, programu ikaukata mstari, ikateremsha mwisho wake. Jina la mama mmoja mjane likabaki juu, kilo zake zikashuka chini. Programu ya malipo, isomayo mstari mmoja mmoja, ikaona mtu asiye na kahawa. Siku ya malipo mama yule akarudi kwake mikono mitupu.

Je, kompyuta ilikosea? Hasha! Ilifuata desturi yake. Kila programu huja na desturi alizoiwekea mtungaji, nayo huzishika mpaka uiagize vingine. Kabla ya toleo la 4.0, la mwaka 2019, nano ilikuwa na desturi ya kukata mistari mirefu. Tangu hapo imeiacha, walakini kompyuta za zamani zingali zatumika.

Dawa yake ni faili moja dogo. Andika amri hii:

nano ~/.nanorc

Ile nukta usiisahau, kwani ni sehemu ya jina. Kisha andika ndani yake:

set nowrap
set backup

Mstari wa kwanza wakataza kukata mistari. Katika toleo la 4.0 na yaliyofuata usiuandike, hauna kazi tena. Mstari wa pili waiagiza programu iweke nakala ya faili jinsi lilivyokuwa kabla hujalibadili. Nakala hiyo huwa na jina lile lile na alama ~ mwishoni. Bonyeza Ctrl pamoja na O, kisha Enter, ili kuhifadhi. Halafu Ctrl pamoja na X ili kutoka. Utakapoifungua nano tena, itatii.

Faili hilo ni lako peke yako. Liko jingine, /etc/nanorc, la watu wote waitumiao kompyuta ile. Hilo huguswa na msimamizi, tena yafaa awaulize wenzake kwanza, maana desturi ikufaayo wewe yaweza kumtatiza mwingine. Mafaili hayo mawili yakipingana, lako ndilo lifuatwalo.

Na yule mama? Alilipwa, lakini baada ya karani kupekua stakabadhi za mizani moja moja, kwa kuwa hakuwa na nakala. Mistari miwili mifupi ingalimwepusha karani na aibu, na mama na safari ya bure. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, kijana, kabla ya kushika orodha ya watu, tazama kwanza desturi za chombo chako. Kila mstari ni haki ya mtu.