Rubani wa Congo aanzie masomo nyumbani

Kutoka Goma hadi Kinshasa ni karibu kilometa 1,570 kwa njia ya anga, na kutoka Lubumbashi ni vile vile. Barabara ya kuaminika kati ya miji hiyo hakuna. Mgonjwa, mfanyabiashara, mbunge, hata karatasi za mtihani wa taifa, wote hungoja ndege. Lakini kijana wa nchi hii anayetaka kuwa rubani huambiwa kwanza atafute pasipoti.

Viongozi wanapenda kuzungumzia ndege mpya. Air Congo ilianza kuruka Desemba 2024, kwa ubia na Ethiopian Airlines, na watu walifurahi. Swali la nani atakaa kwenye kiti cha mbele miaka kumi ijayo haliulizwi sana. Jibu lake linaanzia mahali padogo: leseni ya rubani binafsi, ile ambayo wengi hapa huita breve.

Wapo wanaoiona kama mchezo wa matajiri, kwa kuwa mwenye leseni hiyo haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege. Ni kweli haruhusiwi. Lakini masaa anayoyapata ndiyo mwanzo wa yale 200 yanayotakiwa kwa leseni ya kazi, au 150 kwa aliyefuata masomo kamili katika shule iliyokubaliwa. Hakuna rubani wa Boeing ambaye hakuanza na mwalimu pembeni, akijifunza kwenda sawa.

Masharti yanajulikana, maana yamo katika kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Mwanafunzi awe na miaka 17, apimwe na daktari anayetambuliwa, afaulu mtihani wa sheria za anga, hali ya hewa, injini, uzito wa mizigo na kusoma ramani. Kisha aruke masaa yasiyopungua 40, au 35 akiwa katika shule iliyokubaliwa. Katika hayo, 10 aruke peke yake.

Hayo 10 ndiyo kiini cha yote. Mwalimu akiisha kuridhika anashuka, anafunga mlango, na kiti cha pembeni kinabaki kitupu. Ndege imekuwa nyepesi, inapanda haraka kuliko mwanafunzi alivyozoea, na hakuna wa kumkumbusha apunguze mwendo kabla ya kutua. Baadaye atasafiri mwenyewe angalau kilometa 270, akitua katika viwanja viwili tofauti. Kwa mtu wa Lubumbashi, Kolwezi peke yake iko karibu kilometa 240. Njiani anahesabu mafuta na kuangalia upepo. Wingu la mvua likisimama mbele yake, ni yeye wa kuamua kama ataendelea au atarudi. Kujua kurudi ni somo kubwa katika anga kama la Congo, ambako ngurumo za mchana ni kawaida wakati wa mvua.

Somo hilo, familia nyingi hulitafuta ngambo: uwanja wa Wilson kule Nairobi, Soroti nchini Uganda, Addis Ababa, Afrika Kusini. Huko masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi analipia kwanza lugha, kisha chumba, kisha ndege. Mtoto wa mwalimu wa Kindu hafiki huko hata akiwa na akili namna gani.

Kizuizi kimoja ni mafuta. Ndege ndogo za mafunzo kama Cessna 172 hutumia petroli maalum ya ndege, kiasi cha lita 30 na zaidi kwa saa, nayo ni adimu na ghali sehemu nyingi za Afrika. Ndege kubwa hutumia mafuta ya taa ya ndege, Jet A-1. Lakini siku hizi ziko ndege za mafunzo, kama DA40 NG ya Diamond, zinazotumia hiyo Jet A-1. Mtu asiseme tena kwamba mafuta ndiyo yanazuia kila kitu.

Pingamizi zito zaidi ni usalama. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyaweka makampuni ya ndege ya Congo kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka kwake, kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi. Watu wa Goma hawajasahau Birere, Aprili 2008, wala ndege ndogo iliyoangukia nyumba Novemba 2019. Na kila mtu anajua jinsi leseni ya gari inavyoweza kupatikana bila mwenyewe kugusa usukani. Breve ikiuzwa namna hiyo, afadhali isiwepo.

Kwa hiyo kazi ya mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, ni kuhakikisha daftari la masaa ya mwanafunzi linalingana na daftari la mnara, na mtahini asilipwe na shule. RVA nayo inaweza kupunguza ada za kutua kwa ndege za mafunzo, na wizara ya fedha kuondoa ushuru kwenye vipuri vyake. Bajeti ya kuanzia isiwe ya kutisha: ndege mbili, walimu wawili na fundi mmoja pale Lubumbashi, pamoja na nafasi chache za bure kwa wanafunzi wanaoongoza katika mtihani wa taifa majimboni.